MTO UNAJISAFISHA? TUONYESHENI VIPIMO!

Ndugu msomaji, wewe uliye kijiweni pale Shinyanga au Kahama, glasi hiyo ya maji uliyoshika imetoka wapi? Tangu mwaka 2009 mnaletewa maji ya Ziwa Victoria, yanayovutwa pale Ihelele, wilayani Misungwi. Kinachomwagwa mtoni huishia humo humo ziwani.

Chukua Mto Simiyu. Unapita kwenye mashamba ya pamba na malisho ya ng'ombe, kisha unaingia ziwani upande wa Magu. Mvua ikinyesha, samadi na mbolea vinasombwa. Geita nako kuna baruti. Baruti ya migodini hutengenezwa kwa amoniamu naitreti, na isiyolipuka huyeyuka kwenye maji. Vyote hivyo vina naitrojeni. Ikizidi, ikisaidiana na fosforasi, hunenepesha magugumaji na mwani. Vikioza, oksijeni inakwisha na samaki wanakufa.

Hapo ndipo utasikia wakubwa wakisema: "Msiwe na wasiwasi, mto unajisafisha wenyewe."

Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kwenye tope lisilo na oksijeni kuna bakteria wanaogeuza naitreti kuwa gesi, ikarudi hewani bila madhara. Kazi hiyo hufanyika vizuri kwenye vijito vidogo na mabwawa ya mafunjo, ambako maji yanatembea polepole yakigusa tope. Mto ukiwa mkubwa na wenye kasi, maji mengi hupita bila kuguswa. Mto Mississippi wa Marekani nao una bakteria hao, lakini kila majira ya joto naitrojeni inayobaki husaidia kumaliza oksijeni katika eneo kubwa la Ghuba ya Mexico.

Basi kiasi kinachopotea kinapimwaje? Fikiria basi la Kahama kwenda Shinyanga. Limeondoka na abiria 60, limefika na 45. Konda atasema 15 wameshuka njiani. Lakini je, kuna waliopandia Isaka na Tinde? Kuna waliojificha chini ya viti? Mto nao ni hivyo hivyo. Unapima naitrojeni juu na chini, unazidisha na wingi wa maji, unahesabu na vijito vinavyoingia. Iliyonyonywa na majani haijapotea, imejificha tu, yakioza itarudi. Ndiyo maana wataalamu hupima pia gesi ya naitrojeni majini wakiilinganisha na agoni, gesi ambayo bakteria hawaigusi. Naitrojeni ikizidi kiwango chake, hiyo ziada ndiyo kazi ya bakteria.

Kumbe inapimika! Mradi wa Hifadhi ya Mazingira ya Ziwa Victoria ulianza mwaka 1997, na maji yalipimwa. Nakuuliza wewe: umewahi kuona majibu yamebandikwa ofisi ya kata yako, kwa Kiswahili? Au yamelala kabatini?

Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa naitreti katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, kwa sababu ikizidi inaweza kuua mtoto mchanga. Hilo si jambo la kuachiwa maneno ya jukwaani.

Kijana, sheria ya mwaka 2016 inakupa haki ya kuomba taarifa. Andika barua, ipeleke ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria, dai namba. Anayekwambia mto unajisafisha, mwulize: kwa kiasi gani, na nani kapima?