Biogesi ni mifugo, si mashine

Muulize msee yeyote mtaani biogesi hutoka wapi, atakujibu: kwa mavi ya ng'ombe. Amekaribia, ila hajafika. Kinyesi ni chakula tu. Wanaotengeneza gesi ni vijidudu wasioonekana kwa macho, na ukiwasahau, huo mtambo uliomlipa fundi pesa nzuri utabaki kuwa shimo la choo la bei ghali.

Nasema hivi kwa sababu Wakenya tunapenda uzinduzi. Utepe unakatwa, mheshimiwa anawasha jiko, simu zinainuliwa juu. Pitia hapo baada ya mwaka mmoja uone kama bado kuna moto.

Hebu tuingie ndani ya tangi. Humo hakuna oksijeni, na ni makusudi. Bakteria wa kwanza huvunjavunja wanga, protini na mafuta hadi viyeyuke majini. Wengine hula hicho kilichoyeyuka na kutoa asidi. Kundi la tatu hugeuza asidi hizo kuwa asidi ya siki, haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Ndipo zamu ya wa mwisho hufika, wale wanaotoa methani, gesi yenyewe inayowaka. (Mwanasayansi atakukosoa ukiwaita hao bakteria, kwa sababu ni wa ukoo mwingine uitwao akea. Tumwachie hiyo vita.)

Sasa sikiza shida iko wapi. Wa asidi huzaana kwa saa chache. Wa methani huchukua siku kadhaa. Kwa hivyo siku ukipata mabaki mengi ya hoteli ukamwaga ndoo kumi kwa mpigo, wa asidi wanafanya sherehe, asidi inajaa tangi, na wa methani wanalemewa. Unabaki na harufu kali na gesi inayokataa kushika moto. Halafu kuna yule jamaa anayeosha choo kwa Jik na kuiachilia yote iingie humo humo. Buda, hiyo ni dawa ya kuua vijidudu! Ulitarajia nini?

Baridi nayo huwachosha. Wengi wao hufanya kazi vizuri kwenye joto la nyuzi 35 hivi, na Julai ya Nairobi unaijua. Ndiyo maana mitambo mingi hufukiwa ardhini.

Hata kuanzisha mtambo ni kama kununua ndama. Unahitaji kinyesi kibichi cha ng'ombe, kwa kuwa tumboni mwake vijidudu hao tayari wapo. Kisha unangoja wiki kadhaa wazaane, huku ukilisha kidogo kidogo.

Malighafi mjini haijawahi kuwa shida. Kule Kibera, shirika la Umande Trust lilishirikiana na vikundi vya mtaa kujenga vyoo vya umma ambavyo taka yake hutoa gesi ya kupikia. Choo kinalipiwa, na jiko linawaka. Masoko yetu hutupa mboga zilizooza kila jioni, na vichinjio vina kinyesi hadi vinakosa pa kukiweka.

Kinachokosekana ni mtu wa kulisha. Bajeti huwa na simiti, mabomba na hema la sherehe, lakini mshahara wa mlishaji hauonekani. Hapa ndipo naona kazi ya vijana, na si kibarua cha siku moja cha kuchimba shimo. Ni kazi ya kila siku: kupima chakula, kuchanganya na maji, kuangalia kiwango cha asidi kwa karatasi za kupimia, kusikiliza kama bomba linavuja, kutoa mbolea inayobaki na kuiuza. Haihitaji digrii. Mimi niliacha chuo na bado naielewa. Inahitaji mafunzo ya wiki chache na mtu asiyekosa kufika.

Serikali za kaunti zinaweza kuanza hapo, kwenye masoko zinakotoza ushuru kila asubuhi. Na wewe ukialikwa uzinduzi mwingine, kabla hujafungua soda, uliza mbele ya watu: nani ataulisha huu mtambo Jumapili, na analipwa ngapi?