Sheria Vifuani mwa Wazee

Wako watu wasemao kwamba Wayunani walitupa fikira juu ya sheria, Warumi wakatupa sheria yenyewe, na wazee wa Kitui na Makueni hawakuwa na lolote ila mazoea. Maneno hayo husemwa hata na watu waliosoma sana, nami nayapinga.

Aristotle, aliyefundisha katika mji wa Athens, hakuyadharau mazoea. Alifundisha kwamba sheria za desturi zina uzito kupita zile zilizoandikwa. Basi kwa kipimo cha Myunani huyo, nzama ya wazee wa Kikamba iliyoketi kuamua kesi ya ng'ombe, ya mpaka au ya damu, ilikuwa baraza la sheria kamili. Ushahidi ulipokosekana, watu waliapishwa kwa kithitu, kiapo kilichoogopwa kuliko kifungo. Hata king'ole, yaani hukumu ya kifo, ilingoja kwanza ridhaa ya jamaa wa karibu wa mshtakiwa. Je, hayo ni mambo ya watu wasiojua sheria?

Lakini mtu asidhani kwamba nawasifu wazee tu. Huko Roma zamani, sheria ilikaa vifuani mwa makabaila, na mnyonge hakujua ahukumiwa kwa lipi. Watu wakanung'unika, hata mwaka 451 kabla ya Kristo wakateuliwa watu 10 waiandike, nayo ikawekwa wazi katika mbao 12. Cicero alipokuwa mtoto bado watoto walifundishwa kuikariri.

Sheria yetu nayo ilikaa vifuani, tena vifuani mwa wanaume. Mjane wa Mwingi au wa Wote anyang'anywaye shamba, akaambiwa ndivyo mila isemavyo, ataisoma wapi mila hiyo? Kweli iliandikwa mwaka 1951, lakini aliyeiandika ni D. J. Penwill, tena kwa Kiingereza, kutokana na habari za wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake wakati huo. Kitui haikuwamo. Warumi waliandika yao wenyewe, kwa lugha yao.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yataka mahakama zikuze njia za jadi za kusuluhisha ugomvi, ila zisivunje haki za mtu. Wengine hulalamika kwamba sharti hilo laiua mila. Na watuambie basi, ni mila ipi hiyo isiyoweza kuishi mpaka mjane apokonywe shamba lake?