Tupime nguo moja kabla ya kukata kitambaa chote

Juma hili tuzungumze juu ya kazi inayosimamishwa kabla haijatumika hata siku moja. Vikundi vyetu vinaijua hali hiyo: franga zimechangwa, fundi amelipwa, lakini mashine haijasaga hata debe moja.

Jambo hilo haliwapati wadogo peke yao. Huko Marekani, polisi ya upelelezi, FBI, ilikuwa ingali ikitunza kesi zake nyingi kwenye makaratasi. Mwaka 2001 iliagiza programu ya kompyuta iliyoitwa Virtual Case File. Maelezo ya kilichotakiwa yalipita kurasa 800, na bado wakubwa waliendelea kuyabadilisha. Viongozi wa kazi nao walibadilishwa mara kwa mara. Tena walipanga kuiwasha programu yote kwa mara moja. Ilipoletwa mwisho wa 2003, FBI iliikataa. Mwaka 2005 waliiacha kabisa, na dola karibu milioni 170 zilikuwa zimekwisha kutumika.

Programu iliyofuata, Sentinel, nayo ilichelewa. Mwaka 2010 FBI iliichukua mikononi mwake, ikaweka kikundi kidogo cha watu. Walitengeneza sehemu ndogo ndogo kwa vipindi vya majuma mawili, wakizijaribu. Julai 2012 ikaanza kutumika kwa wote.

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, tupime mapema. Fundi mwenye akili akipewa sare za chama, anashona moja, mama mmoja anaivaa, ndipo anakata nyingine. Mradi wa sabuni au wa unga ufanywe vile vile: kidogo kwanza, na mnunuzi aseme.

Pili, tuandike tunachotaka kwa maneno machache, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye msimamizi. Kila mkutano ukiongeza jambo jipya, kazi haitakwisha.

Tatu, tujue kusimama. Franga zilizokwisha kutoka hazirudi kwa sababu tumeongeza nyingine. Tujiulize: kama tungeanza leo, tungeitoa michango ya wamama kwa kazi hii? Kama jibu ni hapana, tusimame, tuhesabu kilichobaki mbele ya wote.

Na mama aliyesimamia kazi hiyo, kama hesabu zake ni safi, tusimcheke. Darasani tunaona hivi: mtoto anayechekwa mbele ya ubao, kesho anaficha daftari lake. Msimamizi naye akiogopa kicheko, atatuambia kazi inaendelea vizuri mpaka sanduku liwe tupu. Afadhali atuambie ukweli zikiwa zimebaki franga za kuanzia tena.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kiulize juu ya mradi wake: nani amekwisha kuujaribu, na alisema nini?