Kidani cha Dada na Moto wa Fundi

BARUA KUTOKA CHONYONYO
Na Adventina Kokwijuka

Ufa wenyewe ni mwembamba kuliko unywele. Umeanzia ukingoni mwa jiwe, karibu na kucha moja ya dhahabu inayolishika, ukashuka moja kwa moja hadi katikati, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Ukikigeuza kidani kwenye mwanga, pale palipokuwa na buluu ya kina kama Ziwa Burigi jua linapozama, sasa panamulika mstari mweupe. Dada yangu alinionyesha wiki iliyopita. Hakusema kitu. Alikiweka mezani, akaenda jikoni kuangalia ndizi zake.

Kidani hicho ni cha tanzanite. Tulimnunulia sisi wadogo zake wanne alipostaafu, baada ya kufundisha shule za msingi za huku kwetu Karagwe kwa miaka 36. Pesa ilitoka kwenye kahawa. Msimu ule tulikubaliana kwamba hakuna atakayeuza kwa butura, yaani kumkabidhi mlanguzi kahawa ikiwa bado maua mtini. Tulisubiri ikaiva, tukaanika, tukapeleka chama cha msingi, na kila mmoja akatoa fungu lake. Yeyote anayejua kahawa inavyochumwa, punje kwa punje, atanielewa nikisema kwamba ufa ule umepita ndani ya migongo yetu.

Ilikuwaje? Pete ndogo ya juu, ile inayopitisha mkufu, ilikatika. Dada akaenda kwa fundi. "Shikamoo mwalimu," fundi akamwambia, "kazi hii ni ya dakika tano tu, mama, subiri hapo kwenye benchi." Akawasha moto wa gesi, akalehemu pete, akakitumbukiza kidani kwenye maji ya baridi ili kipoe haraka. Muda wote huo jiwe lilikuwa ndani. Fundi yule si mzembe wala si mwizi. Kila siku analehemu pete za dhahabu na za fedha kwa namna hiyo hiyo na hakuna kinachoharibika. Hakuwahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba tanzanite haitaki hivyo.

Hili ndilo linaloniuma. Duniani kote jiwe hili linachimbwa sehemu moja tu, vilima vya Mirerani wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, kwenye ukanda wa kilomita chache unaoweza kuuzunguka kwa miguu kwa siku moja. Tumeipa dunia nzima jiwe lenye jina la nchi yetu, na sisi wenyewe hatujui kulichagua wala kulitunza.

Jina lenyewe hatukulitoa sisi. Mwaka 1967 Mzee Jumanne Ngoma aliyaokota mawe ya buluu huko Mirerani. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikayaita tanzanite, kwa sababu jina la kitaalamu, zoisaiti ya buluu, halikuwapendeza wauzaji. Mzee Ngoma alisubiri nusu karne kutambuliwa hadharani. Ilikuwa tarehe 6 Aprili 2018, siku Rais John Magufuli alipozindua ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa kuzunguka machimbo ili kuzuia utoroshaji. Mzee Ngoma alipewa shilingi milioni 100, na Januari 2019 akafariki dunia. Kisha Juni 2020 redio zote zikatangaza habari za Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo aliyeiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Huku Chonyonyo wengi waliisikia tanzanite kwa mara ya kwanza siku hiyo, na wakaisikia kama habari ya mabilioni. Kwamba ni kitu ambacho mwalimu mstaafu anaweza kukivaa shingoni akienda kanisani, hilo halikutangazwa.

Mimi ndiye niliyetumwa kununua jiwe la dada. Kutoka hapa hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 1,000, na basi halikuhurumii. Mdogo wetu anayeishi kule alinipeleka kwenye duka lenye leseni, na muuzaji akanitandikia mawe juu ya kitambaa cheusi, chini ya taa kali. Chini ya taa zile kila kitu kinang'aa, hata kisicho na thamani. Nikamwomba nitoke na jiwe hadi mlangoni, kwenye kivuli, nilitazame juu ya karatasi nyeupe. Alikubali bila kusita, tukatoka pamoja. Muuzaji akikukatalia hilo, msalimie, uondoke.

Mlangoni pale ndipo nilipoielewa tanzanite. Ukiligeuza jiwe polepole, upande mmoja linakupa buluu, upande mwingine zambarau, na kabla halijachomwa lina rangi ya tatu, ya kahawia inayoelekea wekundu. Kipande cha kioo cha rangi hakiwezi kufanya hivyo: kigeuze utakavyo, buluu yake ni ile ile. Mawe ya kiwandani yanaigiza kidogo, ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Lakini asiyeanza na macho atauziwa chupa.

Niliwekewa mawe mawili ya bei karibu sawa. La kwanza lilikuwa kubwa, limepauka kama maji yaliyodondoshewa tone la wino. La pili lilikuwa la karati moja na nusu tu (karati moja ni gramu 0.2), lakini rangi yake ilikuwa imekolea vizuri. Kwenye simu ndugu zangu walitaka lile kubwa, lionekane kutoka viti vya nyuma kanisani. Nikawakatalia, na ningewakatalia hata leo. Katika tanzanite thamani ya kwanza ni rangi, ukubwa unafuata nyuma. Ila mjue kwamba rangi ya jiwe hili hukolea kadiri jiwe linavyokuwa nene, kwa hiyo mawe madogo kwa kawaida huwa mepesi wa rangi. Ukionyeshwa jiwe dogo mno lenye buluu nzito ajabu, kwa bei ya huruma, uliza maswali. Huenda limepakwa rangi juu, au halijawahi kuiona Mirerani.

Kuna jambo jingine nililoelezwa na mkata vito pale Arusha. Jiwe ghafi lina upande unaoonyesha buluu na upande unaoonyesha zambarau. Mkataji akitaka uso wa jiwe uwe wa buluu, mara nyingi hulazimika kupoteza sehemu kubwa zaidi ya jiwe. Akiuacha uelekee zambarau, anaokoa uzito. Ndiyo sababu buluu safi ni ghali kuliko buluu-zambarau. Kwa mfuko wa mkulima wa kahawa, zambarau si aibu hata kidogo. Jiwe la dada ni la namna hiyo, na silibadilishi na lolote.

Usiku tuliomkabidhi, Desemba, nyumba ikiwa imejaa wajukuu na harufu ya senene, umeme ulikatika. Kijana mmoja akawasha taa ya sola na jiwe likawa buluu tupu. Baadaye dada akaingia jikoni, ambako kilikuwa kinawaka kibatari, na tukasikia watoto wanapiga kelele: jiwe limekuwa zambarau, karibu na rangi ya zabibu! Wakamzungusha bibi yao kutoka sebuleni hadi jikoni mara sijui ngapi. Hayakuwa mazingaombwe. Mwanga wa sola una buluu nyingi, mwanga wa moto una wekundu mwingi, na jiwe hurudisha kile linacholetewa. Kwa hiyo anayenunua alitazame jiwe katika mianga miwili, kisha ajiulize atalivaa wapi zaidi.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Dai risiti ya EFD. Angalia leseni ya Tume ya Madini. Kama bei ni kubwa, dai cheti cha maabara kinachosema jiwe ni la asili. Mitaani Arusha utawakuta watu wenye mawe ndani ya vikaratasi vilivyokunjwa. Huenda wapo madalali wa halali miongoni mwao, lakini mgeni kutoka Karagwe hana namna ya kuwatofautisha. Na jiwe lisilo na karatasi huenda limepita mlango wa nyuma, likimwacha nyuma mtu aliyelitoa chini ya ardhi. Mafuriko ya mwaka 1998 na ya 2008 yaliua makumi ya wachimbaji ndani ya mashimo ya Mirerani. Mimi nataka jiwe ninalomvalisha dada yangu liwe limelipiwa.

Kwa nini kidani, na si pete? Kwa sababu mkono hugonga. Hugonga meza, mpini wa jembe, ukingo wa sufuria. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho almasi ina 10, tanzanite ina kama 6 na nusu. Chembe ya mchanga ina 7. Maana yake ni kwamba vumbi jekundu la barabara zetu, lile linalotua juu ya migomba wakati wa kiangazi, lina chembe zinazoweza kuikwaruza tanzanite. Kidani hukaa kifuani, hakigongwi ovyo. Lakini dada alikuwa na mazoea ya kukifuta kwa pindo la kanga kila akishuka kwenye bodaboda, akidhani anakitunza. Kumbe alikuwa anakisugua kwa mchanga. Kwanza suuza, ndipo ufute.

Kuosha kwenyewe ni rahisi. Chukua bakuli la maji ya uvuguvugu, sabuni laini kidogo, mswaki mlaini wa mtoto, usafishe hasa mgongoni mwa jiwe ambako mafuta ya mwili hujificha, kisha ukaushe kwa kitambaa safi cha pamba. Usitumie dawa ya meno, ina chembe zinazokwaruza. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe wala limau. Na ile mashine ya masonara inayotikisa maji kwa mawimbi ya sauti, au ile ya mvuke, ikatae kabisa hata kama ni bure. Kidani kivaliwe mwisho, baada ya mafuta na manukato, na kivuliwe kwanza, kabla ya kuingia jikoni au shambani. Kilale peke yake ndani ya kitambaa laini, maana ukikichanganya na pete za almasi au rubi, hizo ndizo zitakazokikwaruza.

Sasa turudi kwenye moto. Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, sisi si wageni wa moto wala wa madini. Bati la Kyerwa linachimbwa tangu enzi za Waingereza. Kabla yao, Mukama (mfalme) Rumanyika, aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861, alikuwa na hazina ya vitu vya chuma pale Bweranyange, na ndani yake walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma waliofuliwa na wahunzi wetu kwa ustadi ambao wageni waliushangaa. Mababu hao walijua kwamba kila kitu kina moto wake.

Tanzanite nayo ina moto wake, tena ndio unaoipa uzuri. Sehemu kubwa ya mawe hutoka ardhini yakiwa ya kahawia, yasiyovutia. Huchomwa kwenye tanuri kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, likipandishwa taratibu na kushushwa taratibu, na hapo madini ya vanadi yaliyomo kwa kiasi kidogo sana hubadilika na jiwe kuwa buluu. Uchomaji huo si udanganyifu, na rangi yake hubaki. Lakini jiwe hili lina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi, kama ukuni unaofuata mshipa wake. Joto la ghafla upande mmoja, kisha maji ya baridi, na jiwe linafunguka kwenye mshipa huo. Ndiyo maana ufa wa dada umenyooka vile.

Nimeulizia Arusha kama jiwe linaweza kutengenezwa. Ufa haufutiki. Jiwe linaweza kukatwa upya, litoke dogo zaidi au yatoke mawili madogo, na hata hapo linaweza kuvunjika mikononi mwa mkataji. Dada amekataa. Jumapili iliyopita alikivaa kama kilivyo, ule ufa akiwa ameugeuzia ndani.

Lawama yangu inatuangukia sisi tulionunua kwanza. Tulichunguza rangi, leseni na risiti, hatukuichunguza ile pete ya juu, ambayo ilikuwa nyembamba mno kwa mkufu wake. Wala hatukumwachia dada hata karatasi yenye mistari mitatu ya maelekezo. Wauzaji wa tanzanite, ninyi mnaojua, mwandikieni mnunuzi maelekezo hayo kwa Kiswahili na muyafunge pamoja na risiti. Na wewe uliye na kidani cha jiwe hili, siku kikikatika, mwambie fundi alitoe jiwe kwanza ndipo awashe moto. Akisema hakuna haja, kichukue kidani chako urudi nacho nyumbani.