Msimamizi wa Jiji Afundishwe Mto

Msomaji, dai la insha hii ni moja, nami nalitamka mapema ili usipate taabu ya kulitafuta: hapana mtu apaswaye kukabidhiwa jiji kabla ya kufundishwa jinsi maji, udongo, miti, wadudu na watu wa jiji hilo wanavyoishi kwa kutegemeana. Mtu hapewi lori aliendeshe mpaka apate leseni. Walakini Nairobi, ambayo sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya milioni 4, yaweza kuwekwa mikononi mwa mtu aliyejifunza majalada na hesabu za mapato tu, ambaye hajapata kuuliza maji yapitayo chini ya daraja yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Naona jambo hili ni la hatari, na wanaolipa gharama ya hatari hiyo si wale wafanyao uteuzi.

Mwaka 1935 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Arthur Tansley, alilipa jina wazo ambalo wakulima na wavuvi walilijua kwa matendo tangu kale. Alisema viumbe wa mahali fulani pamoja na udongo, maji na hewa yao ni kitu kimoja kinachofanya kazi kwa pamoja. Katika lugha yetu kitu hicho huitwa mfumo wa ikolojia. Jina ni zito kuliko maana yake. Ukitaka kuiona maana kwa macho, nenda Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Hapo kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe mpaka ardhi ikabaki mashimo meupe, makavu, yenye maji ya chumvi. Mwaka 1971 René Haller, Mswisi aliyesomea kilimo, alianza kuyarudishia mashimo hayo uhai. Miche ya aina nyingi ilijaribiwa, na michache mno ilistahimili. Mvinje ulistahimili. Lakini majani yake membamba yalianguka yakarundikana juu ya mwamba bila kuoza, na pasipo kuoza hapana udongo. Unadhani Haller alileta nini? Hakuleta tingatinga wala shehena ya mbolea. Alileta majongoo. Majongoo yakala majani, kinyesi chao kikawa rutuba, rutuba ikaotesha miti mingine, miti ikaita ndege, na leo watu hulipa kiingilio kutazama msitu mahali palipokuwa jangwa la mawe. Mtu aliyefundishwa kuona mambo kwa kuungana kwake alimwona jongoo kuwa mfanyakazi. Asiyefundishwa angalimwona jongoo akaomba fedha za dawa ya kumwulia.

Sasa tazama jinsi Nairobi ilivyotazamwa na mabwana wake. Reli ilipofika hapo mwaka 1899, wajenzi walipenda uwanda ulio sawa na maji yaliyo karibu. Jina lenyewe la mji latokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi. Hawakujali kwamba sehemu ya mahali walipotua ni kinamasi. Mwaka 1902 tauni ikaingia katika maduka ya Wahindi, na watawala wakatoa amri maduka yachomwe moto. Tauni huchukuliwa na viroboto wa panya, na panya hufuata uchafu na mitaro isiyopitisha maji. Maduka yaliteketea, bali kinamasi kilibaki kinamasi. Madaktari walioshauri mji uhamishwe hawakusikizwa, na miaka haikuwa mingi kabla ya tauni kurudi.

Hayo, utasema, ni mambo ya wakoloni. Basi njoo karibu. Katika mvua za masika za mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika, na mafuriko ya majira hayo yaliua watu zaidi ya 200 nchini kote. Mathare iliumia vibaya. Maji yalipopungua, tingatinga zikapelekwa kubomoa nyumba zilizokuwa karibu na mto, na watu waliokuwa wamenusurika na maji wakalala nje. Mimi sisemi kwamba ukingo wa mto ni mahali pema pa kujenga; mto una haki ya ukingo wake, na sheria ni sheria. Nauliza swali jingine. Maji yale yaliyoingia Mathare yalitoka wapi, na kwa nini yalifika kwa haraka namna ile?

Jibu halipo Mathare. Yaliponyesha juu ya mapaa ya mabati, barabara za lami na viwanja vilivyosakafiwa kwa saruji, maji hayakupata udongo wa kuyanywa. Mahali palipokuwa na bustani pamewekwa maegesho ya magari. Vinamasi vilivyokuwa vikiyapokea maji mfano wa sifongo na kuyaachilia polepole vimefukiwa vikauzwa viwanja. Chanzo cha Mto Nairobi ni kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu, nje ya mpaka wa jiji. Kila kipande cha ardhi yenye maji kifukiwacho huku juu huongeza kimo cha maji kule chini, ingawa aliyekifukia na atakayezama hawajuani. Mkamatwa na ngozi ndiye mwizi: mwenye kibanda ukingoni amekutwa na ngozi, na aliyechinja ana hati ya kiwanja iliyopigwa muhuri.

Mto haukomi Mathare wala haukomi mpaka wa kaunti. Mto Mathare na Mto Ngong huingia katika Mto Nairobi, nao huingia Athi. Athi hushuka Ukambani, hupita Tsavo, hubadili jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini kaskazini ya Malindi. Takataka iliyotupwa mtaroni Eastleigh ina safari iliyo wazi mbele yake, na katika safari hiyo yako makabila, mashamba, mifugo na wavuvi wasio na kura hata moja katika uchaguzi wa Nairobi.

Ofisi za jiji, kwa upande wake, zimegawanywa kama vyumba vya nyumba ambayo wakaaji wake wamenuniana. Idara ya takataka ina chumba chake, idara ya barabara na mitaro ina chake, afya ina chake, maji ni kampuni mbali. Takataka isipozolewa huziba mtaro, mtaro ulioziba hufurika, mafuriko hufunua vyoo, vyoo huchafua visima na mabomba yaliyopasuka, kipindupindu huingia. Hapo daktari wa jiji huandika ripoti juu ya ugonjwa, mhandisi huandika ripoti juu ya mtaro, na mwenye takataka huomba malori. Ripoti zote ni za kweli, na hapana hata moja iliyosema lililotokea. Fundi aliyebobea katika chumba kimoja aweza hata kuzidisha balaa akidhani anatibu. Ukiunyosha mto na kuufunga kwa kuta za saruji, unayaondoa maji haraka mbele ya macho yako na kuyafikisha haraka zaidi kwa jirani aliye chini.

Jaa la Dandora ni shahidi mwingine. Lilianza kutumiwa katika miaka ya 1970, na mwaka 2001 lilitangazwa kwamba limejaa. Malori hayakusita. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake makuu katika jiji hilohilo, lilitangaza uchunguzi wa watoto 328 waishio karibu na jaa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto. Katika daftari ya jiji takataka ile imeandikwa kuwa imekwisha kuondolewa. Imeondolewa mjini ikatiwa katika damu ya watoto, na daftari haina safu ya kuandikia damu.

Wako watakaonijibu kwamba tatizo la majiji yetu ni fedha, si elimu. Hoja hii husemwa sana, tena husemwa na watu wenye heshima, kwa hiyo haifai kupuuzwa. Lakini fedha mikononi mwa asiyejua hununua kosa kubwa zaidi. Tazama maji ya kunywa ya Nairobi. Sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini katika Murang'a, chini ya milima ya Nyandarua. Mvua ikibeba udongo wa mashamba ya huko, bwawa hujaa matope na kuyasafisha maji huwa ghali. Asiyejua angejenga mtambo mwingine wa kusafishia. Mwaka 2015 ulianzishwa mfuko wa fedha unaowasaidia wakulima wa nchi ya juu ya Mto Tana kuchimba matuta, kupanda nyasi za nepia kandokando ya mashamba na kuhifadhi ukingo wa mito. Mkulima apata udongo wake na majani ya ng'ombe, na jiji lapata maji yasiyo na tope. Shilingi ni zilezile; tofauti ni kwamba mtu fulani alijua kuwa bomba la Nairobi huanzia katika shamba la chai.

Au tazama Singapore. Mwaka 1977 Waziri Mkuu Lee Kuan Yew aliwaagiza watumishi wake wausafishe mto wa Singapore kwa muda wa miaka 10. Kuopoa taka majini kulikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mabanda ya nguruwe na bata yaliondolewa, wachuuzi wa vyakula walijengewa masoko yenye mabomba ya maji machafu, na maelfu ya watu wa vibandani walipewa nyumba. Kazi ilikamilika mwaka 1987. Najua Singapore ni kisiwa kidogo na serikali yake ina mkono mzito. Sipendi kila lililofanywa huko. Walakini angalia mpango wa kazi: nyumba, soko, choo na mto vilihesabiwa kuwa shauri moja, na aliyehamishwa alionyeshwa kwanza pa kwenda.

Watasema pia kwamba mafunzo yapo. Naam, yapo. Ni semina ya siku tatu katika hoteli, yenye chai ya saa nne, picha ya pamoja na cheti. Mto haukualikwa. Mafunzo nayatakayo ni ya mwaka mzima, na Chuo cha Serikali kilichoko Lower Kabete kinaweza kuyaandaa pamoja na vyuo vikuu vyetu. Mwanafunzi wake na aanze Ondiri kwa miguu, auandame mto mpaka uingiapo Athi, akiwa na chupa za kuchotea maji na daftari. Ajifunze kuwatambua wadudu wa majini, kwani wako waishio katika maji safi tu, na wako wasitawio katika uvundo, na mwenye kuwajua huusoma mto kama wewe usomavyo ukurasa huu. Akae na mwenye kibanda, mchuuzi, mfugaji na mwenye kiwanda, awaulize maji yao machafu huenda wapi. Asome ramani ya vinamasi vya kale na ramani ya viwanja vya leo, aziweke moja juu ya nyingine. Na mtihani wake usiwe wa karatasi peke yake: apelekwe ukingoni wakati wa masika aeleze mbele ya watahini maji yale yametoka wapi, yamebeba nini, na nani atayanywa.

Ni mengi, nakubali. Lakini wenye mamlaka waliomwona Karura kuwa ardhi tupu ya kugawia matajiri walikuwa wasomi, na ilimlazimu Wangari Maathai kupigwa hata kujeruhiwa mwezi wa Januari mwaka 1999 ili msitu ule ubaki. Haifai kila kizazi kingojee mtu mmoja shujaa afundishe kwa damu yake somo liwezalo kufundishwa darasani.

Kenya sasa ina majiji matano: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 yataka msimamizi awe raia, awe na shahada ya chuo kikuu, na awe na uzoefu wa utawala au usimamizi. Mto haumo katika sifa hizo. Kifungu kimoja kingetosha kuuingiza, na kuandika vifungu ni kazi ya Bunge. Mbunge wako ana ofisi katika eneo lake, na barua ya mwanafunzi hufunguliwa hapo kama barua nyingine yoyote.