Jina la tovuti ya madrasa ni amana ya nani?

 

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaona halina nafasi katika ukurasa huu. Nalo ni jina la tovuti: lile jina ambalo madrasa, msikiti au familia ya mwanachuoni hulisajili ili darsa na maandishi yao yapatikane kwenye intaneti kwa anwani yao wenyewe. Wataalamu huliita jina la kikoa, na vijana wetu husema domeni. Tunalileta hapa kwa sababu tumeshuhudia elimu ikipotea, na haikupotea kwa moto wala kwa mafuriko, bali kwa kuwa hakuna aliyeuliza jina lile limeandikwa kwa nani.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa wajumbe wa kamati ya madrasa moja. Mwalimu wetu mkuu, mzee aliyefundisha mtaani hapo umri wake wote, alisomesha tafsiri ya Qur'ani baada ya Alasiri kwa Ramadhani tatu mfululizo, na kijana mmoja, mwanafunzi wake wa zamani, akajitolea kurekodi. Hakuishia hapo. Alisajili jina la kikoa lenye jina la madrasa, akalipia nafasi kwenye seva, akaziweka darsa zote humo. Fedha zilitoka mfukoni mwake. Sisi wajumbe tulimwombea dua, tukamsifu mbele ya wazazi siku ya Maulidi, na hapo tukaona kazi yetu imekwisha.

Mzee akafariki. Kijana akapata kazi nje ya nchi, akaondoka na ahali yake. Baruapepe aliyoitumia kusajili ilikuwa ya ofisi yake ya zamani, hivyo kila ujumbe wa kukumbusha malipo ya mwaka ulikwenda kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua. Kadi ya benki aliyoiandikisha ikaisha muda wake. Siku moja mama wa mwanafunzi alikuja madrasa na simu mkononi, hataki hata kuitazama, akatuonyesha: mahali palipokuwa na darsa za mzee pamekuwa mahali pa kamari. Jina ni lile lile, herufi kwa herufi. Kwenye madaftari ya watoto, kwenye kalenda tulizozichapisha, hata kwenye ubao wa lango letu, jina hilo lilikuwa likiendelea kuwaita watu.

Tulimlaumu kijana, na katika hilo tulimdhulumu. Yeye alitoa mali yake na usingizi wake kwa ajili ya Allah. Sisi ndio tuliokuwa na daftari la mapato na matumizi, tuliohesabu chaki na mikeka, na wala hatukuwahi kuandika humo kwamba madrasa ina jina ambalo lazima lilipiwe kila mwaka. Darsa tulizozipata tena zilitoka kwenye simu ya bibi mmoja jirani aliyekuwa akirekodi kwa ajili ya dada yake mgonjwa. Nyingi za Ramadhani ya pili hatujazipata mpaka leo. Mjane wa mzee alipotuuliza iko wapi sauti ya mumewe akifasiri Suratu Yusuf, hatukuwa na la kumwambia.

Sasa tuliangalie jambo lenyewe. Wengi hudhani jina la kikoa hununuliwa kama kinavyonunuliwa kiwanja. Si hivyo. Jina halinunuliwi, hukodiwa. Lipo shirika liitwalo ICANN, lililoundwa Marekani mwaka 1998, linaloratibu mfumo wa majina haya duniani, na chini yake wapo wanaotunza daftari la kila kundi la majina, kisha wasajili wanaouza haki ya kulitumia jina kwa muda maalumu. Jina linaloishia na .com hukodiwa kwa mwaka mmoja hadi miaka 10, si zaidi, na kwa kawaida ada yake ni kati ya dola 10 na 20 za Marekani kwa mwaka. Hapa kwetu taasisi zisizo za biashara huchukua majina yanayoishia na .or.tz, na jirani zetu wa Kenya wana .or.ke. Kwa istilahi ya fiqhi hii ni ijara: manfaa yanayojulikana, kwa muda unaojulikana, kwa malipo yanayojulikana. Muda ukiisha bila kulipwa, haki imekwisha. Kwa majina ya .com mara nyingi msajili hutoa muhula wa wiki chache, kisha huja siku 30 ambazo jina linaweza kukombolewa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za mwisho, halafu mlango hufunguliwa kwa yeyote. Wapo watu ambao kazi yao ni kuvizia majina kama hayo, kwa sababu jina lenye wageni waliolizoea lina thamani kwa mwenye kamari.

Hapa msomaji atauliza: kwa nini tujisumbue na ijara ilhali zipo kampuni kubwa zinazotupa nafasi bure? Swali ni la haki, na hatuwakatazi watu kutumia nafasi hizo. Lakini aliyekaribishwa barazani kwa mtu hana kauli siku mwenye nyumba anapotaka kufunga mlango. Ilikuwepo huduma mashuhuri ya GeoCities, ambamo watu wa mataifa mengi walijenga kurasa zao bila malipo. Yahoo waliinunua mwaka 1999, wakaifunga mwaka 2009. Mwaka 2019 MySpace walikiri kwamba picha, video na sauti zilizowekwa na watu zaidi ya miaka mitatu nyuma zimepotea walipokuwa wakihamisha seva. Mwaka huo huo Google wakaifunga Google+. Hakuna aliyevunja mkataba, kwani mgeni hakuwa na mkataba wa kudai.

Faida ya jina lako mwenyewe ni kwamba linatengana na nyumba. Jina ni kitu kimoja, seva ambamo darsa zimehifadhiwa ni kitu cha pili, na darsa zenyewe ni kitu cha tatu. Mtu anapoandika jina, kompyuta yake huuliza kwenye orodha maalumu jina hili liko kwenye seva ipi, ikajibiwa kwa namba. Kwa hiyo kampuni ya seva ikipandisha bei au ikifilisika, unachukua nakala zako, unakodi seva pengine, unabadilisha ile namba, na baada ya saa chache wanafunzi wanakuja kwa jina lile lile bila kujua kwamba umehama. Programu ya kuendeshea tovuti nayo yaweza kuwa huria, kama WordPress iliyotolewa mwaka 2003, ambayo hailipiwi na yaweza kuhamishwa pamoja na yote yaliyomo. Lakini yote hayo yanasimama juu ya jambo moja: jina liwe mkononi mwako. Na hapo ndipo kamati zetu nyingi zinapoanguka.

Tumesikia watu wakisema, "Tovuti ile ni wakfu wa madrasa." Maneno mazuri, ila yanahitaji kupimwa. Tunajua kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar, akamwendea Mtume (S.A.W.) kutaka ushauri, akaifanya wakfu: haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Ardhi hubaki. Jina la kikoa halibaki lenyewe, linabaki kwa kulipiwa. Maimamu wa madhehebu yetu ya Shafii wanashurutisha kwamba kinachowekwa wakfu kiwe kitu chenyewe kinachomilikiwa na manfaa yake yadumu, hivyo aliyekodi hawezi kuweka wakfu manfaa aliyoyakodi. Wenzetu wa Maliki wameruhusu wakfu wa manfaa kwa muda wa ukodishaji wake. Hatuna haja ya kugombana, kwa sababu njia iliyo salama kwa wote ipo: wekeni wakfu kitu kinachodumu, hata chumba kimoja cha duka, na katika masharti yake muandike kwamba sehemu ya kodi italipia jina na seva ya darsa. Huo ndio wakfu, na msimamizi wake ataulizwa.

Lipo na suala la hiba. Kijana anayelipia kwa fedha yake na kusema "nimewapa madrasa," huku jina limesajiliwa kwake, kwa baruapepe yake na neno la siri analolijua peke yake, bado hajakabidhi. Na kwa Shafii hiba hailazimu mpaka ikabidhiwe. Mwenyewe akifa kabla ya hapo, warithi wake wana hiari ya kukabidhi au kuzuia. Fikirini mjane na mayatima wakikaliwa vikao kwa ajili ya neno la siri. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inatuamrisha kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi, liwe dogo au kubwa. Nasi twaona haya kumwambia kijana wetu, "Mwanangu, tuandikiane," tukidhani tutamvunja moyo.

Wazee wetu walikuwa na adabu katika hili. Mwenye kuvikuta vitabu vya zamani vya pwani huona katika kurasa za mwanzo imeandikwa: hiki ni wakfu wa fulani kwa wanafunzi wa mahali fulani. Katika Msikiti wa Riyadha wa Lamu, aliouasisi Habib Swaleh, hati za namna hiyo zimehifadhiwa, na zimepigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hati zilizo hatarini. Oktoba 2023 maktaba hiyo kubwa ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, huduma zake nyingi za mtandaoni zikasimama kwa miezi. Picha kuwa London hakukuondoa haja ya kuitunza karatasi ya Lamu.

Basi jina lisajiliwe kwa jina la taasisi, si la mtu. Baruapepe ya usajili iwe ya taasisi, ifunguliwe na watu wawili angalau, na isitegemee jina hilo hilo la kikoa, kwani jina likikatika na baruapepe nayo hukatika. Ilipwe miaka kadhaa mbele pale fedha inapopatikana. Nakala za darsa zikae kwenye diski mbili katika nyumba mbili. Kamati za Tanzania ziulize pia TCRA kabla ya kuanza, kwa kuwa tangu mwaka 2018 zipo kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilizoandikwa upya mwaka 2020, na zipo huduma zinazohitaji leseni. Picha za watoto wa madrasa msiziweke bila ridhaa ya wazazi wao. Hili tunalisema kwa ukali kidogo, maana tumeona yanayofanyika.

Na tuseme ukweli mwingine ambao mafundi hawapendi kuusema. Tovuti yako mwenyewe ina kazi. Programu isiyosasishwa huvamiwa, na tovuti ya msikiti ikivamiwa fedheha ni ya msikiti. Madrasa ndogo isiyo na mtu wa kuiangalia kila wiki ni bora isijenge kabisa: irekodi darsa, itunze diski zake mbili, igawe kwa simu, ingoje. Hakuna dhambi katika kungoja.

Sisi katika kamati ile tulisajili jina jipya, kwa jina la madrasa. Maneno ya siri yamo katika bahasha iliyofungwa, ndani ya sanduku la chuma la mweka hazina, pamoja na hati ya kiwanja. Ada ya mwaka imeandikwa kwenye daftari la matumizi, chini ya bili ya maji. Yule kijana, Allah amlipe kheri, ndiye aliyetuelekeza kila hatua kwa simu kutoka huko aliko. Ubao wa lango tumeupaka rangi upya. Jina la zamani bado liko kwa wenye kamari, na kila mwaka mwezi wake ukifika tunatazama kama wameliacha.

Wallahu aalam.