Kungoja si Kushika

Wahenga walinena kwamba mshika mawili moja humponyoka. Sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na sisi waandishi wa programu za kompyuta, tunaojificha nyuma ya methali hiyo huku watu wengine wakilipia uvivu wetu.

Nianze kwa kujishtaki mwenyewe. Hapa kwetu Igogwe, katika Wilaya ya Rungwe, tulikuwa wakulima 12 wa parachichi katika kikundi kimoja, nami nikawaandikia wenzangu programu ndogo ya simu. Kazi yake ilikuwa kupeleka uzito wa mzigo wa kila mkulima kwenye kompyuta ya mnunuzi na kurudisha stakabadhi. Mtandao ulishika juu ya kilima tu. Mama mmoja mtu mzima, katibu wetu, ndiye aliyepanda huko na simu, na wewe unayeijua mvua ya Rungwe huna haja ya kusimuliwa. Kila jibu lilichukua kama sekunde 5. Kwa watu 12 hiyo ni dakika nzima. Mara nyingi mtandao ulikatika kabla hajafikiwa mtu wa nane, na programu yangu ikaanza upya tangu wa kwanza. Nilipoulizwa, nilijibu kama tunavyojibu wote: "Mtandao mbaya."

Siku moja alirudi amelowa chapachapa, akanikuta jikoni kwa mama yangu. Akalitazama jiko, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hivi mama yako akibandika maharage, hukaa akiyatazama mpaka yaive, ndipo aende kumenya ndizi?"

Sikuwa na jibu, maana programu yangu ilifanya hivyo hivyo. Ilituma habari za mkulima wa kwanza, ikakaa kimya ikingoja. Jibu likaja, ndipo ikamkumbuka wa pili. Neno la kuiamuru programu ingoje, await, liliingia katika lugha ya C# mwaka 2012, katika Python mwaka 2015 na katika JavaScript mwaka 2017. Ni neno zuri, kwani huifanya kazi ngumu isomeke kama barua. Lakini uzuri huo ndio mtego. Ukiliandika mara moja kwa kila mkulima, mmoja baada ya mwingine, programu itafanya kazi, na kwa macho hutaona kosa lolote.

Dawa yake ni nyepesi: anzisha kazi zote kwanza, kisha zingoje zote kwa pamoja. JavaScript ina Promise.all, Python ina asyncio.gather, C# ina Task.WhenAll. Hapo muda wa kungoja huwa ni wa ile kazi iliyochelewa kuliko zote, wala si jumla ya zote. Dakika yetu ilishuka ikawa sekunde 6 hivi.

Wapinzani hawakosekani. Wa kwanza atanirudishia methali ya mshika mawili. Namjibu kwamba kungoja si kushika. Maharage yanaivishwa na moto, siyo na mikono ya mpishi. Programu inayongoja jibu kutoka mbali haina kitu mkononi.

Wa pili atasema kwamba likiharibika moja yataharibika yote. Huyu ana hoja. Promise.all ikikutana na kosa la kwanza hukuletea kosa hilo tu, na majibu ya wengine huyapati. Lakini tangu mwaka 2020 JavaScript ina Promise.allSettled, inayongoja kazi zote zimalizike na kukueleza ipi imefaulu na ipi imeshindwa. Namba ya mkulima mmoja ikikosewa, wale 11 hawanyimwi stakabadhi zao.

Wa tatu atasema kwamba nitaielemea kompyuta ya mnunuzi. Ni kweli, ukiwa na wakulima 1,000 usiwafikishe wote mlangoni kwa mara moja. Wapeleke kumi kumi. Hiyo ni adabu. Haiwi sababu ya kuwapeleka mmoja mmoja.

Nakubali pia kwamba zipo kazi za kufuatana. Ndizi hazipikwi kabla ya kumenywa, wala malipo hayahesabiwi kabla ya uzito kujulikana. Hapo ngoja kwa zamu, wala usione haya. Lakini mzigo wangu haukutegemea mzigo wa jirani yangu. Niliwapanga foleni kwa sababu foleni ilikuwa rahisi kwangu kuiandika.

Ndugu zangu wa kazi hii, sisi huzijaribu programu zetu mezani, chini ya paa, mahali ambapo jibu hurudi kabla hujapepesa macho. Uzembe wetu hauonekani pale. Unaonekana kilimani, kwa mama aliyeshika simu chini ya kanga iliyolowa, akihesabu vocha yake inavyokwisha. Kabla hujamwambia kwamba mtandao ni mbaya, rudi ukasome upya ulichoandika, ujiulize kila neno la kungoja linamngoja nani, na kwa nini.